Ndege Iliyomleta Elia

Jumamosi, Gare

Na bado nina furaha, Mungu anisamehe. Mume wangu, neno tamu hilo, yuko nyumbani siku mbili nzima. Msiba wa jirani yetu Elia, aliyeuawa vitani, ndio uliomleta.

Mume wangu hupakia mizigo kwenye ndege ya jeshi. Zamani ilibeba abiria. Vita vilipoanza viti viling'olewa, sasa inapeleka risasi na kurudi na majeneza.

Makaburini mama Elia alimshika mkono. "Baba, mwanangu hakuwa peke yake humo ndegeni?"

"Hapana, mama. Nilikuwa naye njia nzima."

Nilimpenda mpaka nikalia.

Tulipofika nyumbani akaniambia kweli, huku anacheka. Jeneza walilirundikia mahema machafu, naye akapanda juu akalala, maana ndipo palipokuwa laini.

"Sikumdanganya mama wa watu. Si nililala juu yake?"

Nilicheka. Alikuwa amenishika kiuno, nikacheka sana.

Jioni mama Elia akaleta kuku. Nilimwamkia shikamoo, nikapokea kwa mikono miwili.

"Mpikie mumeo, mwanangu. Hakumwacha Elia."

"Ndivyo alivyo, mama," nikasema.

Kuku alikuwa mtamu.