Sato kwa alama za mapezi

Justa pokea simu.

Haya usipokee, soma. Nimejifungia chooni hapa ukumbini, kwenye ule mkutano wa fedha za ubunifu. Sitoki.

Unakumbuka kile kichekesho nilichoandika kwenye blogu, kwamba serikali ikimaliza kusajili laini za simu kwa alama za vidole, isajili na sato wa ziwani, na kwa vile hawana vidole ichukue alama za mapezi? Wewe si ulicheka mpaka ukamwaga chai?

Mgeni rasmi amekisoma. Jukwaani. Bila kucheka.

Akasema, "Mtaalamu wetu wa hapa hapa Mwanza ameona mbali." Ameona mbali, Justa. Ukumbi mzima makofi. Nestory, kaka yangu wa tumbo moja, akaninyooshea kidole: "Ndiye huyu hapa."

Nikasimama. Nilitaka kusema ni utani, naapa. Mheshimiwa akaniwahi: "Na dagaa je? Maana ni wadogo."

Mdomo ukajibu wenyewe: "Dagaa watatumia usajili wa wazazi wao, mheshimiwa."

Akaandika. Nimemwona kwa macho yangu akiandika.

Sasa mradi umepewa fedha, majaribio yanaanzia Kamanga pale kivukoni, na mimi ndiye katibu wa kamati. Mimi, niliyekuwa nawacheka wanakamati kila wiki kwenye blogu.

Nimefungua blogu nifute ile makala kabla mama hajasikia. Chini yake ofisi ya mheshimiwa imeshaacha maoni:

"Tafadhali usiifute. Ndiyo andiko la mradi."