Mikono ya Mama Riziki Ukutani Lilongwe

Dada Furaha,

Pokea salamu za Lilongwe, kwenye baridi inauma na mpiga picha mkubwa kupita wote wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, yaani mimi, ameonyesha kazi yake.

Nilileta picha moja kwenye maonyesho: mikono ya Mama Riziki, fundi wetu wa cherehani. Mwenyewe alipoiona alinigombeza: "We! Nimevaa kitenge mpya na viatu, na umekata yote?" Nikamwambia hiyo njo sanaa.

Basi wakubwa wa mji wakafika, wakatazama kwa makini sana, si picha, ila sambusa za mezani. Nikaapa: siku ikiisha bila mtu kusimama mbele ya hiyo picha, narudi kwa picha za vitambulisho.

Jioni, mama mwenye kufagia ukumbi akasimama. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Huyu alichomwa na sindano," akaniambia. "Ona, amefunga kidole na uzi, na bado anashona."

Dada, mi niliyepiga picha sikuwa nimeuona huo uzi!

Kesho narudi Dzaleka na kamera yangu. Nakukumbatia pamoja na batoto. Mkisali, mniombee macho.

Kaka yako, Bahati