Asante Iliyonikwama Mdomoni

Alhamisi, Katesh. Ukungu umeufunika mlima tangu asubuhi, na mimi nimeamka na hasira. Najikasirikia mwenyewe.

Jana mama alifunguliwa bandeji hospitalini. Miaka mitatu alikuwa ananitambua kwa sauti tu. Daktari mgeni, mama wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, ndiye aliyemtoa mtoto wa jicho. Bandeji ilipotoka, mama alinitazama akasema, "Kumbe umenenepa hivi!" Nikacheka huku nalia.

Shukrani nilikuwa nimeziandaa. Tangu tulipopewa siku ya upasuaji, nilikuwa nakariri dukani huku napima vitenge: "Thank you very much, doctor. My mother can see again. We are very happy." Sentensi tatu, nimezihakiki kwenye simu moja moja. Mteja mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Basi daktari akasimama mbele yangu.

Nikanyamaza.

Sikusahau hata neno. Ila nimelelewa hivi: mkubwa unampa shikamoo, unainamisha macho, unangoja aitikie na kukuuliza habari. Ndipo unasema lako. Kwa Kiingereza sikujua shikamoo naiweka wapi. Nikainama tu, nikamngoja aanze. Naye nadhani alikuwa ananingoja mimi. Akatabasamu, akanishika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mimi, ambaye soko zima linanijua kwa mdomo!

Kibaya zaidi kilikuja njiani. Mama aliniuliza, "Umemshukuru, mwanangu?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Nimemdanganya mama yangu, naandika hapa nikiona aibu. Zamani ingepita. Jana alinitazama usoni, akasema, "Uso wako unakataa."

Nimeulizia. Daktari na wenzake wanaondoka kesho asubuhi, na huenda wasirudi tena huku kwetu. Akiondoka hivi, ataamini tulipokea jicho kama tunavyopokea mvua, bila asante.

Leo nimefunga duka mapema. Nimemkalisha mama kwenye kiti awe daktari, nikasimama wima, nikamtazama machoni, nikaanza mimi. Mara za kwanza shingo ilikuwa inainama yenyewe. Baadaye ikakubali. Kumwanza mkubwa kwa neno la shukrani si kumkosea adabu. Kumwacha aondoke bila neno ndiyo kukosa adabu.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa getini pa hospitali. Mama naye anakuja. Amesema safari hii hataki kusimuliwa, atasimama pale aone mwenyewe.