Mashine Mpya Isiyosikia Tepu za Zamani

Kwako Mama Damari,

Shikamoo. Mimi ni fundi wa redio hapa Iringa, jina langu Crispin Kalinga, na sijawahi kuliandikia gazeti, lakini jambo hili nimelizungumza na mke wangu Benedicta mpaka amechoka, naye ndiye aliyesema nikuandikie, kwa hiyo nivumilie ingawa si habari ya ndoa wala ya mirathi kama wengi wanavyokuletea.

Nafanya kazi katika karakana ya misheni, na miaka michache iliyopita niliunda mashine ya kufundishia watu vijijini, ni kasha la mbao lenye taa ya kuonyesha picha ukutani na tepu rekoda ya magurudumu, vyote vinatumia betri ya gari, na ndani ya tepu naweka mlio mdogo ambao mashine ikiusikia inabadilisha picha yenyewe, hivyo mtu anasikia maneno na kuona picha ya maneno hayo hayo bila mwalimu kugusa kitu. Watu waliipenda, lakini mashine bila masomo ni kasha tu, na mimi si mwalimu wala bwana shamba wala mganga, basi nikazunguka kuwaomba wenye ujuzi wao watengeneze masomo, na hapo ndipo nilipohangaika, maana kila niliyemwomba aliuliza mashine ziko ngapi, nikijibu iko moja anacheka, na wakubwa niliowaomba tuunde nyingine wakaniuliza masomo yako wapi.

Waliokubali walikuwa wawili. Mmoja ni Ndugu Isakwisa, bwana shamba wa kule Ilomba, Mbeya, aliyetengeneza masomo ya viazi na mahindi, akaacha hata likizo yake kwa ajili hiyo. Wa pili ni Mama Regina, mke wa mfugaji mmoja, Nkuba, wao ni watu waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani wakaja kukaa Usangu, yeye anafundisha darasa la kisomo cha watu wazima, na alisema anataka somo moja tu, la kuwasogeza wajawazito karibu na hospitali kabla mvua haijakata njia. Nilimwachia kamera yangu akapiga picha za njia na za kivuko na za mkokoteni, kisha akamwomba baba mkwe wake, Mzee Shigela, aeleze kwa Kisukuma jinsi binti yake alivyofia juu ya mkokoteni katikati ya maji, na mzee yule, ambaye hata nyumbani jambo hilo alikuwa halitaji, mbele ya tepu yangu alilitaja lote. Tulilionyesha ndani ya ghala la mpunga, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, na mwaka ule familia kadhaa ziliwahamisha wake zao mapema. Mzee Shigela alifariki baada ya mavuno.

Sasa Mama, mashine ile ilikuwa nzito, bila Land Rover haiendi popote, nami nikaunda nyingine ya kaseti, inayobebwa kwenye baiskeli, sauti yake safi, na mlio nikaubadilisha kwa sababu ule wa zamani ulikuwa ukichanganyika na filimbi za wachungaji, na kwa kuwa taa na vyuma havipatikani madukani, niliibomoa ile ya kwanza ili niijenge hii ya pili. Tepu za zamani haziingii humu. Sauti yaweza kuhamishwa kwenye kaseti, ndiyo, lakini lazima mtu akae aweke mlio upya picha kwa picha, somo kwa somo, kazi ambayo ingenilia wiki nyingi, wakati mkubwa wangu, Bwana Gideoni, anataka nishughulikie mashine tu, kwani kamati ya mkoa inakuja kuitazama mwezi Novemba, na ikiipenda zitaundwa za kutosha vijiji vingi.

Mimi nilidhani wenzangu watafurahi. Nilikwenda Usangu na mashine mpya kwenye baiskeli, watu wakajaa ghalani, wakakaa chini, na mama mmoja mwenye mimba kubwa akaletewa kigoda mbele kabisa, kisha wakaomba somo lao, lile la mzee. Nikaeleza kwamba mashine hii ni bora zaidi ila tepu ile haiisikii, tutatengeneza jingine. Hakuna aliyegomba. Walianza tu kutoka mmoja mmoja, wakayatoa na mablanketi madirishani. Mama Regina alibaki, akaniambia taratibu:

"Fundi, sisi tulikupa sauti zetu. Hukutuambia kwamba ni kasha lako litakaloamua zisikike mpaka lini."

Nilipokwenda Ilomba, Isakwisa alinikaribisha chai vizuri kabisa, lakini akasema hatengenezi tena, kwa sababu mwaka kesho nitamjia na mashine ya tatu. Bwana Gideoni anasema tusiwabembeleze, tuwachukue wanafunzi wasome vijitabu mbele ya kaseti tubandike picha zozote, nasi tulijaribu somo moja la namna hiyo, na watu sokoni walitazama kidogo wakarudi kwenye shughuli zao. Naogopa kamati itaona kasha tupu. Naogopa pia kwamba nikimfundisha kila mtu kuweka mlio mwenyewe, masomo yatakuwa ovyo na mashine italaumiwa, maana siri ya mlio ninayo mimi peke yangu mpaka sasa. Je, Mama, niwabembeleze wale wawili, au nifuate ya Bwana Gideoni, au niiache kazi hii kabisa? Nisaidie.

Wako, Crispin Kalinga

JIBU LA MAMA DAMARI

Marahaba, Crispin. Pole, na nasema pole kwa moyo, kwa sababu mtu anayehangaika miaka ili mwanamke asiyemjua asifie njiani si mtu mbaya. Mpe mkeo asante yangu kwa kukusukuma uandike.

Lakini acha nikuambie. Mimi mashine sizijui. Redio yangu ikinyamaza naipiga kofi. Ninachokijua ni watu, na watu wako hawajaikataa mashine. Wamekukataa wewe uliyeingia ghalani na kitu kipya bila kuwauliza, ukamwacha mjamzito aketishwe mbele, kisha ukamwambia kilichomleta hakipo. Mzee aliombwa aseme, mbele ya tepu yako, jambo lililomuuma maisha yake yote. Akasema. Halafu ukavunja kitu pekee kilichoweza kumsikia, ukachukua taa yake. Hukukusudia ubaya, naamini. Ila usishangae kwamba Isakwisa anakupa chai na hakupi somo.

Unaniuliza uwabembeleze au usiwabembeleze. Kubembeleza kwa maneno gani, mwanangu? Wewe mwenyewe umeandika kwamba sauti yaweza kuhamishwa, ila ingekula wiki zako. Kwa nini ziwe wiki zao? Aliyebadilisha mlio ni nani? Kazi hiyo ni yako, wala hustahili shukrani kwa kuifanya.

Basi sikiliza. Mwambie Bwana Gideoni kwa adabu, lakini umwambie, kwamba hutaunda tena mashine yoyote mpaka somo la Mzee Shigela liwe limeingia kwenye kaseti. Anza na hilo, kwa sababu mawingu yanakusanyika huko Usangu na yule mama wa kigodani hawezi kungoja kamati. Lipeleke mwenyewe. Ukifika usianze kusifia sauti safi. Omba radhi mbele ya wote, kisha waonyeshe. Halafu mfundishe Mama Regina kuweka mlio. Unasema masomo yatakuwa ovyo. Mengine yatakuwa, ndiyo, nayo yatakuwa ovyo yao, watayarekebisha wao. Siri unayoikalia peke yako ndiyo inayokufanya uzunguke nchi nzima ukiomba. Na utoe ahadi, uiandike ubavuni mwa kila kasha kwa rangi: mashine yoyote nitakayounda baadaye itasikia masomo ya leo. Kama huwezi kuitimiza, usiunde.

Vijitabu vya kusomwa mbele ya kaseti, achana navyo. Watu wa sokoni wameshakujibu. Kamati nayo ionyeshe ulicho nacho, hata kama ni kidogo, na useme ni kidogo.

Wasomaji wangu, jibu hili nililituma kwanza kwa posta, maana mvua haisubiri gazeti. Juzi Crispin ameniandikia tena. Bwana Gideoni alikasirika, wakanuniana siku kadhaa, kisha akamwachia chumba afanye kazi. Somo la mzee lilionyeshwa ghalani kabla ya mvua, na mama yule alipelekwa kukaa kwa shangazi yake karibu na hospitali. Amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Kamati haikukubali mashine nyingi, imekubali chache za majaribio. Isakwisa bado anakataa. Amesema atatazama kwanza kama ile ahadi ya ubavuni itakaa mwaka mzima, na mimi namwona ana haki.

Mashine moja kati ya hizo aliachiwa Mama Regina kwake. Crispin aliporudi Usangu alikuta ametengeneza somo jipya mwenyewe, kwa Kisukuma chote, mlio ameuweka kwa mkono wake, kama Crispin alivyomfundisha. Crispin aliketi katikati ya watu kwenye ghala lile, akaona picha zikibadilika, watu wakacheka, wakanyamaza, wakacheka tena, na yeye hakuelewa hata neno moja, wala hakuna aliyegeuka kumtafsiria. Ananiuliza kama ni vibaya kwamba aliumia kidogo, na kama anaweza kumwomba Mama Regina ampe maana yake kwa Kiswahili.

Si vibaya, Crispin. Lakini usiombe tafsiri. Rudi tena, keti nao tena, na ukitaka sana kuelewa, jifunze Kisukuma.