Koki ya Moshi, Daktari

Daktari Kombo,

Salamu nilikutolea juzi kaburini kwako Kisiwa Panza, mbele ya mkeo, kwa hiyo sizirudii. Nataka kukueleza jambo ambalo pale lisingesemeka.

Thieta inaendelea. Dokta Hamad, uliyemfundisha mwenyewe kutoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo ya tumboni, ndiye mpasuaji sasa, na mimi bado ndiye nesi wa vifaa. Tunajaza tumbo gesi, tunaingiza kamera, anaunguza kidogo kidogo kwa ndoano ya umeme, na moshi unajaa mle ndani mpaka skrini inakuwa ukungu mtupu. Wewe ulikuwa unafungua koki ya bomba lililochomekwa tumboni, moshi unatoka fyuu chumbani, unaendelea na kazi. Mimi nilisimama upande wa koki. Nilipolalamika kichwa kinaniuma, ulicheka: "Wacha wee, Bi Raya! Mama kapika kwa kuni umri wake wote, moshi n'kitu gani?" Nikacheka na mimi, maana ulikuwa unachekesha.

Ulifariki kwa moyo. Wapo wanaopenda kusema ni ule moshi. Mimi sijui, na sitakuzulia.

Baada yako tumeletewa mirija yenye chujio. Unaifunga kwenye koki, moshi unavutwa polepole na kuchujwa, tumbo halisinyai, chumba hakinuki. Inachelewesha kidogo tu, lakini Dokta Hamad hapendi kuchelewa. Jumatatu alimwambia Maryam, nesi mpya anayeshika kamera, auchomoe mrija na kuifungua koki wazi. Maryam ana mimba, imeshaonekana. Aligeuza uso pembeni, mkono ukaenda kwenye koki.

Nikasema tungojee. Dokta hakuinua hata kichwa.

"Marehemu akifanya hivi hivi, Bi Raya, miaka yote. Au naye alikuwa hajui kazi?"

Unajua kwetu marehemu hutajwa kwa mema, basi. Jina lako likishatajwa mle ndani, mjadala umekwisha. Nilishikwa na hasira, Daktari, na haikuwa juu ya Hamad. Ilikuwa juu yako. Umekufa na bado unafungua koki.

"Marehemu kanifundisha kazi yote ninayoijua," nikasema. "Na hili alikosea."

Mtoa dawa ya usingizi aliikodolea macho mashine yake. Dokta Hamad akaitoa ndoano, nikadhani atanifukuza. Kisha akasema, "Haya. Uwacheni mrija." Tukangoja skrini isafike. Kifuko kilitoka salama, na mgonjwa, mama mmoja wa Chokocho, jioni alikunywa uji. Mimi nilijifungia chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kuhesabu vifaa.

Hakuna aliyenisema. Lakini tangu siku ile najiona kama niliyekuvua nguo mbele za watu, na ninakukosa kuliko siku ya maziko.

Pumzika, Daktari, Mungu akupe nuru huko uliko. Kila Ijumaa nitakusomea Yasini, na nje ya thieta sitakutaja ila kwa mema. Mle ndani ni jambo jingine. Yeyote atakayeifungua koki ile kwa jina lako, nitamwambia ulikosea. Wewe huwezi tena kujirekebisha. Nitakurekebisha mimi.

Nesi wako,
Raya