Klorokwini ya Afande

Tororo, Jumanne

Mafua haya yanayozunguka dunia yamefika kambi ya jeshi hapa, na wanajeshi wameambiwa klorokwini inayaponya. Leo asubuhi sajini alikuja zahanati akataka kopo letu la mwisho la klorokwini, lote.

"Afande, hii dawa ya malaria. Haiponyi mafua."

"Unabishana na serikali, nesi?"

Nikamwonyesha mtoto Amoit, anayechemka kwa malaria mapajani mwa mama yake; walikuwa wametoka kijiji cha Mella kwa miguu. Akamtazama kitambo. Akamimina nusu ya vidonge mfukoni, akaniachia nusu.

Amoit amemeza dawa, homa inashuka. Nashukuru.

Lakini mlangoni sajini aliniuliza jina, akaliandika. Kwa nini nilimtajia la kweli?