Piga Kengele, Mpite

Mjukuu wangu Neema,

Huku mjini Champlin tu wazima. Shangazi yako yuko kazini, akirudi atakuta nimeusoma ujumbe wako mara tatu, na kila mara hasira inapanda.

Unasema njia yenu ya baiskeli huko Katalonia ni ya changarawe, haina magari, inapita msituni. Jana ulienda kuutazama mto mtakaouvuka kesho, ukakuta umejaa. Ukamwambia kiongozi wenu, naye akacheka: "Wewe ndiye wa mwisho siku zote, fuata tu." Sasa unaniuliza kama unyamaze. Hebu mwone huyo!

Nilipokuwa karani kijana kule Kericho, mdogo hakumpita mkubwa wake, hata kwa baiskeli. Siku moja nilikuwa nyuma ya Bwana Mkaguzi, nakula vumbi lake. Nilijua mbao za daraja la mbele zimeng'oka, maana nilipita pale jana yake. Niliogopa kupiga kengele. Nikajiambia, ataona mwenyewe.

Hakuona. Nilipomfikia kule chini alikoangukia aliniuliza, "Ulijua?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kengele unayo?"

Hakutembea sawasawa tena. Mpaka leo nawakasirikia wote wawili, yeye na yule karani.

Kwa hiyo kesho usikae nyuma. Piga kengele, mpite, usimame katikati ya njia kabla hawajayafikia maji. Akicheka, acha acheke akiwa nchi kavu.

Nitakaa na simu mkononi.

Babu yako